Msumari ndani ya mbao: shajara ya mradi wa klabu ya kemia, Ilemela

Julai, wiki ya kwanza

Mradi umepata jina, "Msumari". Jina refu nililoandika ubaoni wanafunzi wamelikataa kwa kauli moja. Tunatafuta kujua kwa nini msumari wa mtumbwi wa dagaa huisha ndani ya mbao wakati kichwa chake bado kizima, na kama ipo njia ya bei nafuu ya kuuchelewesha. Wanaoshiriki ni wa kidato cha tatu waliokwisha soma elektrolisisi, na wachache wa kidato cha pili ambao hawajasoma lolote ila hawakosi klabu hata siku moja.

Vifaa: mita moja ya umeme, nyaya na klipu zake, mrututu (kopa salfeti, chumvi ya bluu ya shaba) tuliopimiwa duka la pembejeo, chumvi ya mezani, misumari ya inchi nne, waya wa shaba uliomenywa, fenolifthalini na potasiamu ferisianidi kutoka kabati la maabara, na dumu la maji ya Ziwa Viktoria. Zinki tumeitoa kwenye mawe ya tochi yaliyokufa, yale ya bei ya chini yenye kijiti cha kaboni katikati. Kopo la jiwe la namna hiyo ni zinki yenyewe. Tulilichana kwa koleo, tukakung'uta unga mweusi wa manganizi dioksidi kwenye gazeti, tukaosha na kusugua kwa msasa.

Sheria za mezani nimezibandika ukutani. Mawe ya alikali hayafunguliwi, ndani yana potasiamu haidroksidi inayounguza ngozi na macho. Betri za simu hazichokonolewi kabisa, zinaweza kuwaka. Ferisianidi haikaribiani na asidi kali, wala haipashwi moto nayo, maana inaweza kutoa gesi ya sumu.

Limau halimo katika orodha. Kuna aliyekuja nalo mfukoni akitaka tuwashe taa kwa limau kama kwenye maonyesho ya sayansi, nikamwambia akalikamulie sato nyumbani. Limau huwafanya watu waamini umeme umo ndani ya limau, kumbe nguvu inatoka kwenye zinki inayoliwa. Kazi ya limau ni kupitisha ioni tu, yaani chembe zenye chaji zinazosafiri majini, na kazi hiyo hata maji ya chumvi yanaiweza.

Jumamosi, Igombe

Tumekwenda Igombe, ufukweni mwa ziwa, wakati wa mbalamwezi kwa makusudi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu na mafundi wanapata kazi. Tuliyemkuta alikuwa anabandua ubao wa ubavuni karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mtumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kununua mtumbwi au kutafuta kazi?"

"Tunaomba misumari mibovu, mzee."

Akacheka, akatuonyesha kwa mguu rundo lililokuwa chini ya mataruma, yaani mbavu, ya mtumbwi mwingine. "Chukueni yote. Ila mniambie mtakachokiona humo."

Msumari mmoja nimeuchora daftarini. Kichwa ni kipana, kina kutu ya kahawia ya juu juu. Ukiikwangua kwa ukucha unaona chuma. Chini kidogo ya kichwa, pale shingo inapoingia kwenye mbao, umeliwa pande zote hadi kubaki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kwenda mbele shina lina mashimo mashimo, na ncha iliyotokeza upande wa pili ikakunjwa bado ni nene. Mbao iliyokuwa imeuzunguka imegeuka nyeusi tii, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kimekutana na tanini ya mti. Fundi hahitaji kuung'oa ili ajue. Anagonga kichwa kwa nyundo, anasikiliza, anasema "huu hamna kitu", na akiuvuta unakatika.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akamuuliza: "Mzee, kichwa kipo majini muda wote, mbona hakijaisha?"

"Hilo ndilo swali lenu. Mimi nabadilisha tu."

Jumatano, maabara

Siku ya misingi, kwa ajili ya kidato cha pili. Msumari uliosuguliwa msasa ukatumbukizwa kwenye myeyusho wa mrututu. Haukupita muda ulikuwa umevaa shaba nyekundu, na ulipoachwa hadi kesho yake ile bluu ya mrututu ikawa imefifia. Ubaoni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Mstari wa kwanza ni oksidesheni, chuma kinapoteza elektroni, zile chembe hasi za umeme. Wa pili ni ridaksheni, shaba inazipokea. Elektroni haziwekwi akiba zikimsubiri mpokeaji. Mmoja akitoa, mwingine anapokea papo hapo, na idadi ya zilizotolewa ni ile ile ya zilizopokelewa.

Kwa nini chuma kitoe na shaba ipokee, isiwe kinyume chake? Hapo ndipo jedwali la volti linapoingia. Haidrojeni imewekwa sifuri kwa makubaliano, kisha metali nyingine zinapimwa dhidi yake: magnesi −2.37, zinki −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34, fedha +0.80. Mwenye volti ya chini humpa mwenye volti ya juu. "Na dhahabu je?" Geita ikiwa ng'ambo ya ghuba yetu, swali hilo halikosekani darasani. Dhahabu iko +1.50, haikubali kutoa elektroni kwa maji wala kwa oksijeni ya kawaida, ndiyo maana mtu anaiokota mchangani ikiwa bado inang'aa. Chuma hakiokotwi hivyo.

Baadaye tukatenganisha vyombo viwili. Zinki kwenye myeyusho wa zinki salfeti, shaba kwenye mrututu, na karatasi ya chujio iliyoloweshwa maji ya chumvi ikaunganisha bika hizo mbili. Mpangilio huu aliutoa Mwingereza John Frederic Daniell mwaka 1836. Hesabu inasema 0.34 − (−0.76) = 1.10. Mita yetu ilisoma 1.07, na kwa vifaa vyetu nimeridhika.

Kisha nikaiondoa ile karatasi. Sifuri. Waya upo, zinki ipo, shaba ipo, na hakuna kitu. Nikairudisha, mita ikapanda. Tulirudia mpaka karatasi ikachanika, kwa sababu hapa ndipo kidato cha tatu walipokuwa wamekariri bila kuelewa. Elektroni hupita kwenye waya, ioni hupita majini, na njia zote mbili lazima ziwe wazi. Ukifunga mojawapo umefunga yote.

Ijumaa, tone

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na kifaa chake ni tone moja la maji.

Wachomeleaji wa mtaani walitugawia kipande cha bamba la chuma kisicho na zinki. Tulikisugua kwa msasa kikang'aa, tukakifuta kwa spiriti. Juu yake tukadondosha tone la maji ya chumvi ya asilimia 3, lenye ferisianidi kidogo na fenolifthalini. Ferisianidi hugeuka bluu iliyokolea inapokutana na Fe²⁺, yaani pale chuma kinapoyeyuka. Fenolifthalini hugeuka waridi palipo na alikali, kinyume cha asidi. Tone lenyewe lilianza likiwa njano hafifu.

Mwanzoni vilitokea vidoa vya bluu ovyo ovyo kwenye mikwaruzo ya msasa, na katikati yake mabaka ya waridi. Wengine wakaona imetosha, wakataka kuondoka. Waliobaki waliona tone likijipanga lenyewe. Waridi ilihamia pembeni ikawa pete, bluu ikakusanyika katikati, na baadaye kati ya pete na kitovu ukajichora mduara wa kutu ya kahawia.

Ukingoni tone ni jembamba na oksijeni ya hewa inaingia kwa urahisi. Huko oksijeni inapokea elektroni:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Hizo OH⁻ ndizo zilizoleta waridi. Katikati oksijeni imekwisha na nyingine inachelewa kufika, kwa hiyo hapo chuma kinafanya kazi ya kutoa. Elektroni zinasafiri ndani ya bamba kutoka kitovuni hadi ukingoni, ioni zinasafiri ndani ya tone, na pale Fe²⁺ inapokutana na OH⁻ pamoja na oksijeni zaidi, kutu inatuama. Betri kamili, anodi (panapotolewa elektroni) na kathodi (panapopokelewa), juu ya bamba moja la chuma lisilo na waya wala metali ya pili.

Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba chuma huoza mahali penye hewa. Tone linaonyesha kwamba hewa inatumika mahali pamoja na chuma kinaliwa mahali pengine. Yule msichana aliyemuuliza fundi ndiye aliyesema: "Basi kichwa cha msumari ndiyo ukingo wa tone." Kichwa kiko nje, kinapata oksijeni. Shingo imebanwa kwenye mbao yenye unyevu, oksijeni haifiki. Kichwa kinatumia, shingo inalipa.

Agosti, zinki na maji yetu

Wazo la kwanza la klabu lilikuwa la vitabuni: funga kipande cha zinki kwenye chuma, zinki iko chini zaidi kwenye jedwali, itoe elektroni yenyewe na chuma kisalimike. Meli za baharini hufanya hivyo. Wa kwanza kulijaribu wazo hili kwenye meli ni mwanakemia Mwingereza Humphry Davy, mwaka 1824, kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Siku hizo matumbo ya meli za mbao yalivishwa mabamba ya shaba, nayo shaba ilikuwa inaliwa na maji ya bahari. Davy akaifunga vipande vya chuma na zinki, shaba ikaacha kuliwa. Ila konokono na magugu ya baharini vikaanza kuganda kwenye meli, kwa kuwa sumu ya shaba iliyokuwa ikivifukuza ilitokana na kule kuyeyuka kwake. Kemia ilifaulu, meli zikawa nzito. Kisa hiki niliwasimulia kama kionjo tu, na sasa naona kilikuwa na kazi kubwa zaidi.

Bika la maji ya ziwa, bamba la zinki na msumari, umbali wa sentimita 5. Volti 0.47. Jedwali lingetoa 0.32, lakini jedwali ni la miyeyusho yenye ioni nyingi za metali husika, na ziwa halina. Kisha tukahamisha mita kwenye mkondo: miliampea 0.06. Vijana wakadhani mita imeharibika.

Mita haina tatizo. Maji ya Ziwa Viktoria ni matamu, ioni zake ni chache, na maji ya bahari hupitisha umeme mamia ya mara zaidi ya haya yetu. Tulipotia kijiko cha chumvi mkondo uliruka ukapita miliampea 2, kisha ukashuka taratibu. Koroga, unapanda. Acha, unashuka tena. Kushuka huko si kwa sababu ya ioni, ni oksijeni iliyo karibu na msumari inayokwisha, na kukoroga kunaleta nyingine. Vipingamizi viwili tofauti vimeonekana kwenye bika moja, nami nimefurahi kuliko walivyofurahi wao.

Hesabu ya Faraday, inayogeuza mkondo kuwa gramu za metali, kwa waliokuwa wanauliza miliampea 1 ni kitu gani. Mwaka una sekunde 31,536,000, kwa hiyo miliampea 1 kwa mwaka ni kulombi 31,536, kulombi ikiwa kipimo cha kiasi cha umeme. Gawa kwa 96,500, kulombi za moli moja ya elektroni (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), upate moli 0.327 za elektroni. Kila atomu ya chuma hutoa mbili, basi ni moli 0.163 za chuma, yaani gramu 9.1. Msumari wetu wa inchi nne una gramu 10 na kidogo. Miliampea 1, ambayo haiwashi hata taa ya kuchezea, inatafuna karibu msumari mzima kwa mwaka. Kwa zinki ni gramu 10.7. Darasa lililonuna kwa sababu ya 0.06 lilianza kuihesabu upya.

Agosti, beseni

Misumari mitatu kwenye beseni la maji ya ziwa. Mmoja umezungushiwa ukanda wa zinki, wa pili umeunganishwa kwa waya na zinki iliyo ncha ya mbali ya beseni, wa tatu uko peke yake. Uliovikwa zinki umebaki safi. Wa mbali umeshika kutu, kidogo tu chini ya ule wa peke yake. Zinki yenyewe imevaa utando mweupe unaozidi kuizuia kufanya kazi.

Kwa hiyo bonge la zinki lililopigiliwa kwenye mkuku halitausaidia msumari ulio ubavuni. Ndani ya maji matamu zinki hulinda jirani yake wa karibu, basi. Msumari uliochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka una faida kwa sababu hiyo hiyo: zinki na chuma vimegusana, ioni hazina safari ya kwenda.

Agosti, magnesi

Utepe wa magnesi wa maabara, pale pale mbali, umeulinda msumari. Volti 1.2. Ndiyo metali inayotumika kwenye maji matamu, hata ndani ya matangi ya kuchemshia maji kwa umeme huwekwa fimbo ya magnesi. Vijana walishangilia, mmoja akaanza kupiga hesabu ya biashara.

Nikawaambia watie fenolifthalini. Msumari wote ukazungukwa na waridi.

Kwenye meli ya chuma, waridi hiyo si neno. Kwenye mtumbwi wa mbao ni alikali inayotengenezwa saa zote ndani ya tundu la msumari, na alikali hulainisha mbao, huvunja kile kinachoshikamanisha nyuzi zake. Tulichukua vibanzi vya mbao ya fundi, vingine kwenye maji ya ziwa, vingine kwenye sodiamu haidroksidi hafifu. Baada ya wiki maji ya pili yamekuwa kama chai ya rangi, na kibanzi unakichana kwa vidole. Wajenzi wa boti za mbao zenye kinga ya namna hii kupita kiasi wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Tulipompelekea fundi habari hii hakushangaa. "Msumari mzima kwenye mbao iliyooza nitaufanyia nini?" Magnesi imeondolewa kwenye mradi. Mwenye hesabu za biashara amenuna.

Septemba, vichwa

Niliuliza darasani: kama una rangi au lami ya kutosha sehemu moja tu ya msumari, utapaka wapi? Karibu wote wakasema shingoni, ndiko kunakooza. Nikachora. Lami shingoni itapata mkwaruzo msumari ukipigiliwa, na kichwa chote kipana kitaendelea kunywa oksijeni na kudai elektroni. Zote zitatoka kwenye ule mkwaruzo mdogo. Tundu litachimbwa haraka kuliko mwanzo.

Paka kichwa. Oksijeni ikikosa pa kupokelea elektroni, shingo haina wa kumpa. Kathodi ndiyo ya kuziba. Kwa mbao ni nafuu zaidi, kwani pasipo kupokea elektroni hakuna OH⁻ inayotengenezwa, na tundu halipati alikali.

Jaribio la bika linaunga mkono hoja: msumari uliopigiliwa kwenye kibao, kichwa kikiwa na lami, umetoa bluu kidogo sana shingoni ulipopasuliwa na kudondoshewa ferisianidi. Usio na lami umetoa bluu nzito. Kibao kimoja kimoja bado si ushahidi wa kumpelekea mtu anayelala ziwani.

Septemba, Igombe tena

Tumefunga vibao kwenye nguzo, chini ya usawa wa maji. Aina nne: msumari wa kawaida, wa kawaida wenye lami kichwani, uliochovywa zinki, na uliochovywa zinki wenye lami. Kila msumari ulipimwa uzito kabla ya kupigiliwa, mizani inasoma hadi gramu 0.01, na namba imechongwa kwenye mbao kwa patasi kwa sababu kalamu hazidumu. Kibao kimoja cha kila aina kitatolewa kila mbalamwezi, kipasuliwe, msumari usafishwe kutu na kupimwa tena. Gramu zilizopungua zitageuzwa kuwa miliampea kwa kanuni ya Faraday, kidato cha tatu watahesabu na kidato cha pili watakagua.

Fundi hakusubiri mizani. Ameanza kupaka lami vichwa vya misumari ya mtumbwi wake mwenyewe. Tumemwomba upande mmoja auache bila lami ili tupate kulinganisha. Amekubali nusu ya upande huo, kuanzia tezi, yaani nyuma, hadi katikati.